Mchanga wa Mtoni

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, nikiwa kidato cha pili. Saa naikumbuka kwa sababu mama alisema nimwamshe saa tisa na nusu akamenye viazi vya biashara, na nilikuwa naitazama saa ya ukutani nikimwonea huruma. Mlango ulikuwa wazi. Akatokea mwanamke mtu mzima, mfupi, mtandio kaufunga kwa nyuma kama mtu anayejiandaa kubeba ndoo, akanyoosha kidole kwenye rundo la trei za mayai lililokuwa barazani.

"Hizi mnazifanyiaga nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mnazifanyiaga nini?"

"Tunawashia jiko."

Akashika kifua. "Yaani mnachoma milima."

Mie ni mtu ambaye mgeni akiniuliza jina naangalia chini, kwa hiyo sikumuuliza milima gani. Akachuchumaa, akaanza kuzichambua. Za plastiki alizirusha pembeni kama anatoa mawe kwenye mchele. Za karatasi ya kijivu alizichana pembe, moja moja, akaitazama sehemu iliyochanika kwenye mwanga. Trei iliyotoa nyuzi ndefu aliiweka, iliyokatika kama biskuti aliikataa. Alipomaliza alikuwa na trei kumi na moja, na mie nilikuwa nimeshazibeba nusu hadi kwake, nyumba ya nne kutoka kwetu, bila kujua nimekubali saa ngapi. Mama aliamka mwenyewe saa kumi na moja, kachelewa, na nilisemwa wiki nzima.

Mtaani kwetu Kiwalani wanamwita Bi Fundi. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui vizuri na sijawahi kuuliza. Lafudhi yake ina kusini ndani yake, hasa akikasirika. Umri wake ni hamsini. Ulikuwa hamsini mwaka ule nilipomfahamu, na mwaka huu pia ni hamsini.

Kazi yake ni kutengeneza ardhi. Ndivyo anavyojitambulisha, "Mie natengeneza ardhi," na asiyemjua anadhani kakutana na dalali wa viwanja. Ukweli ni kwamba anatengeneza ardhi ndogo, ya kukaa juu ya meza. Wachoraji wa majengo kule Mikocheni wakitaka kumwonyesha tajiri jumba lake kabla halijajengwa, wanakata kijumba cha plastiki na mbao nyembamba, kizuri, madirisha yanang'aa. Halafu wanamletea Bi Fundi ubao mtupu ili akitafutie kijumba hicho mahali pa kusimama: kilima, bonde, barabara, mfereji, bustani, vumbi. Nyumba hajawahi kukata hata moja, na anawadharau kidogo wanaozikata.

"Nyumba inataka rula," ananiambia. "Ardhi na rula wapi na wapi!"

Chumba chake cha mbele hakina kochi. Kuna meza moja kubwa, kinu, na makopo ya maziwa ya unga yaliyopangwa mpaka darini. Hakuna kopo lililoandikwa kitu. Analitambua kwa kulitikisa. Nilikuwaga nadhani ni maringo, mpaka nami nikaanza kusikia: mchanga unasema moja, pumba za mpunga zinasema nyingine, na maranda ya seremala hayasemi kabisa, yanapumua tu.

Trei za mayai tunaziloweka siku tatu, tunazitwanga, tunazikamua kama tui, halafu tunachanganya na gundi nyeupe ya maseremala na jasi kidogo. Hapo ndipo penye kazi. Jasi ikizidi, ardhi inapasuka. Gundi ikizidi, ardhi inang'aa kama mtu anayetoka jasho. Yeye hapimi kwa kikombe. Anafinya donge, anaachia, anatazama alama za vidole vyake zimebakije. Chini ya milima anaweka yale mapovu meupe magumu yanayokuja na friji mpya, anayakata kwa kisu cha mkate. Kilima changu cha kwanza kilikuwa duara safi. Nilijivunia. Alikizunguka mara mbili.

"Leo birthday ya nani?"

"Kwa nini, Bi Fundi?"

"Naona keki."

Kabla ya kuchagua chochote anauliza swali lilelile: "Mtu wako ana urefu gani?" Maana yake, kama binadamu angesimama kwenye ardhi hiyo ndogo, angekuwa mkubwa kama nini? Kama ni punje ya mchele, basi mchanga wa kawaida kwake ni mawe ya kujikwaa, na kokoto ni nyumba. Alinifundisha kuchekecha kwa khanga kuukuu mpaka mchanga uwe vumbi, kwa ajili ya mtu mfupi. Siku hizi hata nikiwa njiani kwenda shule natazama chini na kujiuliza ningetengeneza hapa kwa kitu gani.

Makosa yake anayasimulia kwa furaha kuliko sifa zake. Zamani alikuwa anabana matumizi, anatumia uji wa unga wa muhogo badala ya gundi. Modeli moja ilikaa ofisini kwa watu mwezi mzima. Walipofunua nailoni, mende walikuwa wamekula barabara yote kutoka mzunguko wa magari hadi hospitali. "Hospitali wameiacha," anasema. "Mende hawaumwi." Mara nyingine alitumia majani ya chai yaliyokwishachujwa kuwa udongo mweusi wa bustani. Yalipendeza sana. Hakuyakausha vizuri. Tajiri aliyeletewa modeli akakuta bustani yake imeota ukungu wa kijani, akapiga simu kumpongeza kwa nyasi.

Na ipo ya mpingo. Mchonga vinyago mmoja alimpa gunia la unga wa mpingo, ule unaobaki chini ya msasa, naye akaona kapata udongo wa mfinyanzi wa bure. Alipoupaka gundi, rangi ikaanza kutoka, ikatambaa chini ya ardhi yote mpaka kwenye ukuta wa kijumba cheupe. Toka hapo kila kitu anakiloweka usiku mmoja kwenye kikombe cheupe kabla hajakiamini. Vikombe vya kunywea chai nyumbani kwake ni viwili tu. Vingine vyote vina kitu kimelowekwa, na mgeni lazima achungulie.

Kwetu ndege zinapita chini sana, meza inatetemeka. Ikipita, Bi Fundi anainua mikono yote miwili juu kama kakamatwa na polisi, kijiti cha gundi hewani, anasubiri. Haachi kuongea, ila mikono haishuki. Ukikuta modeli yake ina kichaka kilichokaa upande, anakuambia ni ndege gani iliyofanya hivyo.

Ni mgumu kumwelewa. Plastiki haitaki ndani ya ardhi yake, lakini hatupi mrija wa juisi, ana debe zima. Anasema vijana tunapoteza macho kwenye simu. Siku moja nikamwonyesha video ya mzungu anatengeneza ardhi kama zake, anafungua pakti la nyasi za dukani, anamwaga, basi. Akacheka mpaka akakaa. "Huyo ananunua nyasi! Akiumwa mgongo atanunua na mgongo." Halafu akasema, "Rudisha nyuma." Tuliitazama mara tatu, na kesho yake nikamkuta anakata usumba wa nazi kwa urefu uleule wa zile nyasi za pakti, kimya, mgongo kanigeuzia.

Jambo moja lilikuwa halina mjadala: hakuna kugusa. Mhandisi mmoja, mtu mzima na tai yake, alibonyeza kilima kuona kama ni kigumu. Bi Fundi alimchapa mkono kwa ufagio wa chelewa. "Ungegusa sufuria la mkeo hivyo?"

Lakini mwenyewe anagusa kila kitu, na si kwa mikono tu. Mchanga alikuwa anauonja. Anachota punje chache kwa ncha ya kidole, anaziweka ulimini, anafumba macho, anasubiri kama anasikiliza. Wa pwani anautema. "Chumvi inakunywa maji ya hewani," alinieleza siku za mwanzo. "Kiwanda cha jasho. Gundi haishiki. Leo umeweka barabara, mwezi ujao inatoka kama magamba ya samaki." Mchanga usio na chumvi anauita mtamu. Kwa Dar hii, ambako nusu ya mchanga umeshaonana na bahari, ulimi wake ulikuwa ndio mashine ya kazi. Wanafunzi wa uchoraji majengo walikuwa wanamletea vifuko aonje, kama wanapeleka choo maabara.

Mwaka huu, masika ilipokuwa imeanza, aliumwa homa, siku tisa hatoki. Alipopona alikuja kwetu jioni kula chipsi, akaomba chumvi, akamimina, akaomba tena. Mama akamwambia, "Bi Fundi, unakula chipsi au unatengeneza samaki ng'onda?"

"Viazi vyako siku hizi havina ladha, mama."

"Viazi vyangu? Muulize mtaa mzima!"

Tukacheka wote. Mie pia nilicheka.

Mvua zilipokatika akaja mwalimu mmoja, kijana, haoni, kashika fimbo nyeupe, dereva kamwacha mlangoni. Anafundisha shule ya watoto wasioona, jina la shule naliacha.

"Mama, nimeambiwa unatengeneza viwanja vidogo," akasema.

"Vya kutazama," Bi Fundi akajibu.

"Sie tunataka cha kushika."

Mie nilikuwa natwanga trei. Nikasimamisha mchi. Nilitazama ufagio uko wapi.

"Kushika na nini?"

"Na mikono yote miwili. Watoto kama arobaini."

Akaeleza. Kila muhula watoto wapya wanakuja, na kiwanja cha shule ni kikubwa: bweni, madarasa, vyoo, geti, na mfereji mrefu wa maji ya mvua unaokata katikati. Mwaka jana mtoto wa darasa la kwanza alitumbukia humo wiki yake ya kwanza, akavunjika mkono. Mwalimu alitaka kiwanja kizima juu ya meza, ili mtoto akifika aketi akipapase siku mbili tatu, vidole vijifunze njia kabla ya miguu.

Ndege ikapita. Bi Fundi akainua mikono yake mitupu juu, kwa mazoea. Ilipokwisha akasema, "Hebu lete vidole vyako nivione." Akavishika, akavigeuza, akavisugua kama anavyosugua trei. "Laini hivi? Basi itabidi nisiseme uongo hata kidogo."

Tulitengeneza vibao kumi na viwili vya majaribio, kila kimoja na ardhi yake. Mwalimu akarudi kuvipima. Kizuri kuliko vyote kilikuwa cha nyasi za dodoki, Bi Fundi alilitia rangi tatu za kijani, alikaa nalo siku nzima. Mwalimu akalipapasa.

"Hii ni nini?"

"Nyasi."

"Mama, samahani. Hii ni dodoki la kuogea."

Bi Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi na mtandio. "Wenye macho wote nimewadanganya na hili dodoki. Wewe ndo wa kwanza kunikamata."

Wakakubaliana vitu vichache. Barabara ya lami iwe msasa mlaini. Njia ya kupita iwe ardhi ya trei iliyosuguliwa kwa kijiko mpaka iwe laini. Nyasi ziwe usumba wa nazi uliokatwa mfupi. Na ukingo wa mfereji, pande zote mbili, uwe ukanda wa mchanga mkali, upana wa vidole viwili. Mtoto atafundishwa neno moja: ukisikia ukali, simama. Mwalimu alilirudia hilo mara mbili. Kama kuna kitu hakitakiwi kubanduka humo, alisema, ni ule ukali. Ukilainika, mfereji utafanana na njia.

Siku ile ile Bi Fundi akanituma. Fundi ujenzi aliyekuwa anampatia mchanga alikuwa kahama. Akaniambia, "Kalete mchanga wa mtoni, kiroba kimoja."

Nikaenda Mtoni.

Nilichukulia ni jina la mtaa, kama mtu anavyosema kitunguu cha Singida au mchele wa Kyela. Nikashuka Barabara ya Kilwa, nikaulizia, nikakuta vijana wamekaa juu ya lundo la mchanga. Kuongea na vijana waliokaa kundi ni kitu ninachoweza kukizunguka hata kilomita mbili. Nikajikaza.

"Samahani braza, mna mchanga wa Mtoni?"

Wakatazamana. "Sista, hapa ni wapi?"

"Mtoni."

"Sasa mchanga utakuwa wa wapi, wa Dodoma?"

Wakacheka, mmoja akaanguka makusudi juu ya mchanga. Sikuuliza la pili. Wakanijazia kiroba, nikaondoka uso unawaka. Kama ningekuwa mtu wa maneno ningeuliza umechotwa wapi, na wangenionyesha kwa kidole kule chini ambako maji ya bahari yanaingia na kutoka.

Nilipofika, Bi Fundi akachota punje, akaweka ulimini, akafumba macho, akasubiri muda mrefu.

"Mtamu," akasema.

Tukaufanyia kazi wiki mbili. Sijawahi kuona ardhi nzuri kama ile, na haikuwa na rangi hata moja. Alikataa rangi kabisa. Alifanya kazi kafumba macho, na mie akanifumba kwa khanga. Mteremko wa kwenda vyooni tuliubomoa mara nne kwa sababu mwalimu alisema unachosha goti la kulia, nasi tulitaka kidole kilisikie goti hilo.

Alhamisi iliyopita nilitoka shule nikapitia kwake. Alikuwa anaswali ndani. Nikapitisha kidole ukingoni mwa mfereji, kwa kujifurahisha tu, halafu nikafungua daftari langu nisome nilipoishia. Kurasa zilikuwa zimegandamana. Nikalamba kidole.

Chumvi.

Nikalamba kingine. Chumvi. Nikasugua ukingo kwa kidole gumba, kama mtoto angefanya, na zikabaki punje saba kidoleni. Pale zilipotoka palikuwa laini kama njia.

Siku mbili sikusema, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mchanga niliuleta mie. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilikumbuka zile chipsi, na nikajua kwamba nikisema mchanga una chumvi, nitakuwa nimemwambia Bi Fundi ulimi wake umekufa. Modeli ilikuwa inachukuliwa Jumatano. Ningenyamaza, ingeondoka ikiwa nzuri, na ingekaa vizuri mwezi, labda miezi miwili. Nilijaribu kujiambia mwalimu ataona mwenyewe. Mwalimu hataona. Ataambiwa na mtoto, akiwa ndani ya mfereji.

Jumamosi alasiri nikaenda. Alikuwa kasimama kwenye kona ambako mfereji unapita chini ya kidaraja karibu na geti. Kona hiyo peke yake aliifanyia kazi siku tatu. Kidole chake kilikuwa kinateleza juu ya kidaraja, kinashuka, kinasimama kwenye ukali, kinarudi.

"Hapa ndo nimepatia," akasema. "Katika maisha yangu yote ya ardhi, hapa."

"Bi Fundi, mchanga una chumvi."

Niliangalia chini nikisema. Lakini nilisema, tena kwa sauti.

"Nani kasema?"

"Nimeonja."

"Ulimi wako wewe, wa kulamba askrimu za ukwaju?"

"Umebanduka. Angalia." Nikasugua, nikamwonyesha kidole.

Hakutazama kidole. Alinitazama mie. Halafu akaenda jikoni. Nikasikia kifuniko cha kopo la chumvi kinafunguka, halafu kimya, halafu kinafunguka tena. Aliporudi alikuwa na punje nyeupe mdomoni, nyingi, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hakuna kitu," akasema. "Kama nalamba ukuta."

"Toka ile homa?"

"Toka ile homa. Nikasema ulimi utarudi. Kila asubuhi nilikuwa naujaribu." Akavuta kigoda akakaa. "Huo mchanga nilipouonja sikusikia chumvi. Sikusikia na utamu. Nikasema mtamu kwa sababu wewe ulikuwa unanitazama."

Hapo nikaona lazima na mie niseme langu. "Niliutoa Mtoni."

"Ndiyo, nilikutuma mtoni."

"Siyo mtoni kwenye mto. Mtoni, Temeke."

Akanitazama. "We mtoto. Mie nilisema mtoni."

"Na mie nilienda Mtoni."

"Mtoni Mtoni?"

"Mtoni Mtoni."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe kicheko, kile cha dodoki, lakini kilikwisha haraka. Akajipangusa mdomo. Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea kutoka kwake, mtu aliyeloweka nusu ya dunia kwenye vikombe vya chai.

"Tupige vanishi juu. Koti mbili. Itashika hata mwaka."

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili watatuita, tutarekebisha."

"Watatuita baada ya nini?"

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo, na nilisubiri ufagio. Ndege ikapita, mikono yake ikabaki magotini.

"Siku zimebaki nne," akasema mwishowe.

"Tutabandua ukingo tu. Mengine yamekaa sawa. Mchanga tuuoshe kwa maji ya bomba, tuuanike."

"Utauosha mara ngapi?"

"Mpaka ulimi wangu useme basi."

Alinitazama muda. Sikuangalia chini.

"Wewe ndo utaonja," akasema. "Leo, na baada ya leo. Mie ntakuwa nafinya na kusikiliza makopo. Mwalimu nitampigia mwenyewe, nimwambie nilichotaka kumpa." Akainuka, akarudi kwenye ile kona yake ya kidaraja. Hakuigusa. "Kuna vitu humu nilivipata kwa bahati," akasema. "Sijui kama naweza kuvipata tena."

Nikachukua kiroba nikaanza kuosha nje. Maji ya kwanza yalikuwa chumvi tupu, ya tatu yalikuwa bado, ya sita nikawa na shaka. Ya nane nikasema basi. Akatoka kibarazani, akakunja mikono, akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia ninao. Hakuonja. Akachukua nailoni, akanisaidia kuutandaza.

Asubuhi yake, Jumapili, nilifika kwake kabla ya saa moja. Nilimkuta anakunywa chai jikoni, nikamwamkia, nikapita moja kwa moja hadi mezani, nikachukua kisu butu, na nikaanza kubandua kwenye kona ya kidaraja, haraka, ili akimaliza kikombe chake akute imekwisha na isiwe yeye wa kuibomoa.